Mtaro wa Kwetu Kigogo

Kikao cha kwanza cha wiki ya huduma kilijadili rangi ya fulana. Muda naukumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimeacha maharage jikoni. Tuliingia saa kumi na moja jioni, na ilipofika saa moja kasoro bado tulikuwa tunabishana: wengine zambarau, maana ni Kwaresima, wengine nyeupe, maana ni bei nafuu. Zambarau ikashinda. Fulana sitini, kifuani msalaba, mgongoni "Wiki ya Huduma 2025". Gambuti zilitajwa kwenye mengineyo, watu wameshaanza kutafuta funguo za magari, na zikapitishwa jozi tisa.

Siisemi kamati vibaya. Nilikuwemo, na mkono wangu uliinuka kwenye zambarau.

Mimi ni Mlutheri wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani, na usharika wetu uko huku Kimara, Dar es Salaam. Hela ya wiki ile tuliitafuta kama zinavyotafutwa hela zote za usharika, kwa mnada. Kwa msiotujua: ibada ikiisha tunatoka nje tukiimba, halafu vile vitu vilivyoletwa kama sadaka, ndizi, mayai, nazi, mafungu ya mihogo, vinapigwa mnada pale pale uwanjani. Siku ile jogoo mmoja aliuzwa mara nne. Wa kwanza alilipa akamrudisha, wa pili akamrudisha, wa tatu naye vivyo hivyo, mpaka mzee mmoja wa kanisa akasema jogoo mwenyewe amechoka, akalipa, akaondoka naye kwapani. Jogoo huyo ndiye aliyenunua gambuti.

Miaka ya nyuma huduma yetu ilikuwa ya safari. Tulikodi basi, tukaenda mkoani kwenye kijiji fulani, tukaimba njia nzima, tukagawa nguo, tukapaka rangi darasa, tukarudi Jumapili usiku tumechoka na tumefurahi. Mwaka ule wa 2025 mchungaji akasema basi. Hela ya mafuta peke yake, akasema, ingetosha kazi ya wiki nzima hapa hapa mjini. Akauliza ni wapi. Mwinjilisti akasema anao watu anaowafahamu Kigogo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameomba msaada kuzibua mtaro kabla ya masika.

Nilinyamaza. Kigogo nimeishi miaka ishirini na miwili, mpaka 2016 tulipohamia huku juu, lakini ukiitaja mbele ya watu wa Kimara swali la kwanza ni "kule kwenye mafuriko?" Ni kule. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya mji hadi baharini pale Daraja la Salenda, na mitaro yetu yote inamwaga humo. Mvua ikizidi, mto unarudisha. Desemba 2011 ulirudisha mpaka dirishani; mjini kote walikufa watu wapatao arobaini, na familia nyingi za bondeni zikapelekwa Mabwepande mwaka uliofuata. Sisi tulikuwa kwenye kilima kidogo, tulipoteza jiko na gunia la unga. Mama alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza, kwa hiyo jiko na unga ndiyo ilikuwa mali yote.

Basi nilikaa kimya nikijiambia kwamba katika mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, nitazoa tope langu siku tatu na nitarudi zangu bila mtu kunitambua.

Jumatatu tulikwenda wodi ya wazazi na kanga, sabuni na pampasi. Jumanne tuliwatembelea wazee wa usharika wasioweza tena kuja kanisani, na huko sina mengi ya kusimulia. Bibi mmoja alitulisha kuliko tulivyomlisha. Jumatano, kwa mwendokasi hadi Magomeni na bodaboda kutoka pale, zambarau sitini zikashuka Kigogo.

Mjumbe wa shina alikuwa mama wa makamo mwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Alitupokea vizuri, akatuhesabu, akaandika. Kisha akasema, bila ubaya wowote: "Nyinyi ni kundi la tatu."

La kwanza lilikuwa la tarehe 9 Desemba 2015, ile siku Rais Magufuli aliyofuta sherehe za Uhuru na kuitaka nchi nzima ishike mafagio. La pili lilikuwa la watu wa ofisi moja waliokuja na mpiga picha. "Wote walifagia juu huku," akasema, akionyesha kwa kalamu. "Kalavati hawakuligusa."

Sisi tukaanza juu.

Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye guta lake, anatutazama. Kazi yake ni kuzoa taka za nyumba kwa nyumba pale mtaani, mwaka mzima, na hela anakusanya mwenyewe mlango kwa mlango. Alituacha tukajaza matoroli mawili hivi. Ndipo akashuka.

"Mnaanzia juu. Maji mnayapeleka wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mhandisi tunaye mmoja katika kundi, na yeye alijishughulisha na kufunga kamba za viatu.

Ukizibua juu wakati chini kumeziba, kijana akaeleza, unamsogezea jirani maji. Unaanza mdomo wa chini, pale mtaro unapotokea kuelekea mtoni, unatoa njia, halafu unapanda nayo. Alikuwa na nondo ndefu ameikunja ncha kama ndoano. Aliingia kwenye tope hadi magotini, bila gambuti, akaichomeka ile nondo ndani ya kalavati, akaizungusha, akavuta. Kilichotoka kilikuwa kama utumbo: kamba moja nene ya vitambaa, mizizi, nywele za bandia na mifuko, urefu wa mtu mzima. Nyuma yake maji meusi yakakohoa kidogo, yakasimama tena.

Tukashuka wote chini.

Sasa, tope la kalavati si kitu kimoja. Hilo nilikuwa silijui. Nilikuwa miongoni mwa waliopewa gambuti, kwa hiyo niliwekwa mdomoni kabisa, na kadiri tulivyochimba kuingia ndani ndivyo taka zilivyobadilika. Juu kabisa kulikuwa na chupa za maji na pampasi. Chupa tulizitenga pembeni, maana zina mwenyewe. Kuna mzee anaziokota na kuziuza kwa kilo, na alikuwa amekwisha sogea na salfeti lake. Pampasi hazina mwenyewe. Zinavuta maji, zinavimba, moja inakuwa na uzito wa mtoto. Jumatatu tulikuwa tumezigawa kwa maombi na picha. Jumatano tunazichomoa kwa koleo.

Chini ya hapo ikaja mifuko ya rambo, ile ya plastiki. Si michache, ni tabaka zima, imelaliana na kushikana kama utando wa maziwa, nyeusi kwa bluu. Mifuko ile ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na toka hapo mtaani huioni kama zamani. Mtaroni ilikuwepo yote.

Na chini ya rambo, kwenye mchanga mzito wa kijivu, nikaanza kuona vipande vidogo vya mstatili, virefu kama kidole, rangi zimefifia. Vingi mno. Vijana wawili wa kwaya waliokuwa nami wakavisuuza na kuviangalia.

"Dada, hizi si pakiti za shampuu?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wana miaka ishirini, watajuaje? Vilikuwa viroba. Zile pombe kali za pakiti, za bei ya chini, ambazo kila asubuhi ulikuta zimetapakaa kijiweni na kwenye vituo vya daladala, mpaka serikali ilipozizuia tarehe 1 Machi 2017. Kwa hiyo tulikuwa tumesimama kwenye taka ambazo hakuna mkono uliozigusa kwa zaidi ya miaka minane. Wale wa fagio la Uhuru walipita juu yake.

Hesabu nilianza kuifanya kimyakimya. Viroba ni kabla ya Machi 2017. Sisi tulihama 2016. Kicheko kikaniisha.

Nyumbani kwetu, wingu likishaiva na matone ya kwanza yakigonga bati, mama alikuwa na neno moja: "Ndoo." Nilijua ndoo gani. Nilitoka mbio na ndoo ya taka, nikasubiri pale kwenye ukingo mpaka mtaro ujae, na maji yakishapata nguvu nikamwaga. Watoto wa nyumba za jirani walikuwa wamesimama na za kwao. Ilikuwa kama mchezo, kuona ya nani itakwenda kwa kasi. Maganda ya mayai, majivu, mifuko ya unga, na hayo mengine. Hatukuwa watu wachafu. Mama yangu alikuwa anadeki mara mbili kwa siku. Ila gari la taka lilifika kwa msimu, hela ya taka ilikuwa ni hela ya unga, na mvua ilikuwa inapita bure. Mvua ndiyo lilikuwa gari letu. Zilikokwenda zile taka hakuna aliyeuliza. Zilikwenda.

Zilikwenda nyumba nane.

Nilikuwa bado nimeinama pale mdomoni mwa kalavati ndipo nikasikia juu yangu: "Wewe si mtoto wa mama maandazi?"

Alikuwa bibi wa nyumba ya kona, ile iliyo usawa wa kalavati. Nilikuwa nikitumwa kwake na sahani iliyofunikwa kila Ijumaa. Amezeeka, amepungua, ila macho ni yale yale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, tunashukuru. Yuko Kimara, naishi naye."

"Alhamdulillahi." Akatazama lile rundo nililokuwa nimelitoa, akalitazama kwa muda. "Maandazi yake nilikula," akasema, "na taka zake nikapata."

Alicheka, nami nikacheka kwa sababu sikuwa na la kufanya. Mlangoni kwake pana ukuta wa tofali unaofika gotini, unauruka ndipo uingie ndani. Kila nyumba ya upande ule inao. Ni wa kuzuia maji. Wakati sisi tunaishi pale juu niliuona kila wiki na sahani yangu mkononi, nikauruka, nikadhani ni mtindo wa nyumba za bondeni.

Sijui kama ningeweza kusikia maneno yale katika kijiji cha mkoani. Kule hakuna aliyekula maandazi ya mama yako.

Saa saba mchana kirikuu kikafika na chakula. Hapa lazima niseme jambo ambalo kamati ya fulana haikuligusa kabisa: ilikuwa Ramadhani. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi mwaka ule na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeandama siku chache tu kabla, kwa hiyo sisi tulikuwa kwenye Kwaresima yetu na wao kwenye mfungo wao, na sote tulilijua hilo kama watu wa mji huu wanavyolijua. Bado, mtu wetu alishuka, akafungua mlango wa nyuma, na harufu ya pilau ya watu sitini ikatembea mtaa mzima mchana kweupe. Kijana wa guta alikuwa ametoka mtaroni, amechoka, midomo imekauka. Akageuza uso upande wa pili kwa adabu.

Mwinjilisti alitamani kalavati limmeze.

Aliyetuokoa ni mjumbe. "Hamna neno," akasema, "tutafuturu nayo." Akaita wanawake wawili. Sasa pilau iliyofungwa kwenye makasha, joto la Dar la Machi, kutoka saa saba mpaka magharibi, inachacha. Kila mpishi anajua. Walifungua makasha yote, moja baada ya jingine, wakautandaza wali kwenye masinia mapana ndani ya chumba chenye dirisha la kupitisha upepo, wakaupunga mpaka ukapoa, ndipo wakafunika kwa kanga safi. Kazi ya nusu saa, nao hawakuwa wametia kitu mdomoni toka daku. Sisi tulikunywa maji kwa kificho nyuma ya gari kama watoto wa shule, na wengi wetu tuliacha hata hayo.

Jioni tulikaa mikekani. Adhana ilipotoka ilianza tende na uji wa pilipili manga, yakaja magimbi ya nazi na tambi, na mwisho pilau yetu, ambayo sasa ilikuwa ya kwao na ilikuwa tamu kuliko ingekuwa saa saba. Mchungaji aliombwa aseme neno. Alisema moja tu, ahsante, na kwa mchungaji wetu huo ni muujiza.

Alhamisi tulimaliza kalavati. Maji yalipita. Nimeona watu wakishangilia mambo mengi, sijawahi kuona watu wazima wakishangilia maji machafu yanayotembea. Tope tulilipanga kando, rundo baada ya rundo, urefu wa nyumba sita. Kijana wa guta alilikagua akatikisa kichwa.

"Hili leo halibebeki. Bichi. Ukiliweka kwenye guta linamwagika njia nzima, na mzigo wenyewe unavunja ekseli. Lataka siku mbili likauke."

"Basi likauke," tukasema.

Akatazama juu, upande wa baharini. Hakusema kitu.

Saa nane usiku mvua ilinyesha. Haikuwa kubwa, Kimara niliisikia kwenye bati nikageuka upande wa pili nikalala, kisha nikafungua macho. Asubuhi tulikuta nusu ya tope imerudi ilikotoka. Kila fungu lilikuwa limekatika katikati, safi, kama keki, na ndani ya mtaro mchanga wa kijivu ulikuwa umetulia tena na viroba vyake juu. Watu wetu walikuwa ishirini na mmoja, maana Ijumaa wengine walikuwa wamerudi kazini. Ningependa kuandika kwamba tuliimba. Mmoja wetu alikaa kwenye ndoo akalia, na aliyelia ni yule mhandisi.

Dawa ilitoka kwa bibi wa kona. Alitoka na salfeti tupu za mchele na sukari, ameziweka akiba chini ya kitanda miaka na miaka, akazirusha chini. "Jazeni mchanga," akasema. "Mwauacha wa nini?" Tope likishachujwa taka, kinachobaki ni mchanga, na watu wa bondeni mchanga hawautupi, wanaujaza kwenye magunia na kuyapanga kuwa kingo. Sisi tulikuwa tunatafuta pa kuutupa, wao walikuwa wanaununua. Mtaa mzima ukatoa salfeti. Tulichuja kwa wavu wa kitanda cha chuma, tukajaza, tukashona midomo kwa kamba za katani, tukapanga magunia mawili mawili kuanzia kona ya bibi mpaka mtoni. Bichi lisilobebeka kwa guta linabebeka kwa mikono ya watu kumi hatua ishirini. Kufikia alasiri lile tope lilikuwa ukuta.

Taka zenyewe, za mifuko na pampasi, zilipanda kirikuu kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Safari tatu. Gharama yake ilizidi ya fulana, na mhasibu wa usharika ameniomba niiseme hiyo sentensi hadharani, kwa hiyo nimeisema.

Jumapili baada ya ibada walikuja Damu Salama, wale wa mpango wa taifa wa kuchangia damu, na vitanda vyao. Nilikuwa nimejipanga. Umri unatakiwa uwe kati ya miaka 18 na 65, upo. Uzito usipungue kilo 50, huo unazidi na unabaki. Muuguzi akanichoma kidole, akachukua tone, akalidondosha kwenye chupa yenye maji ya bluu. Likizama, damu ina wekundu wa kutosha, unalala kitandani. Langu lilishuka kidogo, likasita, likapanda juu likaelea. Nyuma yangu kwenye foleni walikuwa wale vijana wawili wa kwaya, na walilala wote wawili, mmoja akipiga picha. Mimi nilipewa soda na maneno ya kula dagaa, maharage na mchicha, nirudi baada ya miezi mitatu.

Nilirudi nyumbani nikampa mama salamu za bibi wa kona. Nilimsimulia kalavati, viroba, magunia. Zile taka nilizitaja kwa kuzunguka, kama unavyomtajia mzazi jambo. Alinisikiliza akichambua mchele. "Alikuwa anapenda ya iliki," akasema. Basi.

Mwezi wa nne masika yakashika. Mjukuu wa bibi alinitumia video ya sekunde kumi na tano, imepigwa usiku kwa tochi: maji yanaingia kalavatini upande huu, yanatoka upande ule, na nyuma yake ukuta wa magunia ya sukari. Niliiangalia mara nyingi. Mara ya kumi hivi ndipo nikaona, pembeni kabisa, mfuko wa taka umefungwa vizuri fundo, unapita.

Jioni moja wiki hiyo hiyo nilikuwa barazani na mama. Wingu lilikuwa limetanda toka saa tisa, na tone la kwanza likagonga bati. Nyumba yetu ya Kimara nayo iko mtelemkoni, na mbele ya geti pana mtaro, wa zege, mzuri. Mama alitazama angani. Akatazama ndoo ya taka pale kwenye mlango wa jikoni, imejaa hadi juu. Kisha akanitazama mimi.

"Gari linapita Jumanne," nikamwambia.

"Jumanne iliyopita halikupita," akasema.

Na kweli, halikuwa limepita.